Rubani binafsi baada ya upasuaji wa macho: mwongozo kamili wa kurudi angani kihalali

Rubani anafanyiwa leza ya macho Ijumaa. Jumatatu anasoma mstari wa chini kabisa kwenye ubao wa daktari bila miwani, na wikiendi inayofuata ameshampangia shemeji yake safari ya kuitazama pwani kutoka juu. Miezi mitatu baadaye bado yuko chini. Macho hayana tatizo. Karatasi zake ndizo zimekwama Oklahoma City, Marekani, kwenye kitengo cha vyeti vya afya vya marubani.

Nimeombwa msaada na watu wa aina hii mara nyingi hadi nimeona heri niandike yote mahali pamoja. Karibu wote hujikwaa pale pale: wanachagua aina ya upasuaji bila kumwambia daktari kuwa wanarusha ndege, wanajaziwa fomu mapema mno, au wanadhani sharti la miwani lililoandikwa kwenye cheti hufutika lenyewe jicho likipona.

Mwongozo huu ni wa marubani binafsi wanaorusha Marekani kwa cheti cha afya cha daraja la tatu cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko. Wenye leseni za Kenya na Tanzania nimewawekea sehemu yao mwishoni. Kama jicho lako limepona au la, atakuambia daktari wako. Mimi nashughulika na utaratibu.

## Andaa hivi kwanza

- Cheti chako cha afya cha sasa. Soma sehemu ya masharti: je, kimeandikwa lazima uvae miwani?
- Taarifa ya upasuaji kutoka kliniki: tarehe, jicho lipi, aina ya upasuaji. Kama umewekewa lenzi ndani ya jicho, omba pia kadi yake yenye jina la modeli.
- Fomu namba 8500-7 ya FAA, ambayo ni taarifa ya uchunguzi wa macho. Inapatikana bure kwenye tovuti yao.
- Orodha ya matone unayotumia, na tarehe uliyoacha kila moja.
- Akaunti ya MedXPress, mfumo wa kujazia ombi la cheti mtandaoni.
- Namba ya simu ya daktari wa anga, yaani daktari aliyeidhinishwa na FAA kupima marubani. Daktari wako wa kawaida hatoshi hapa.
- Daftari dogo. Utaona kazi yake hatua ya nne.

Na kipimo kimoja cha kukariri: 20/40, yaani unaona kwa futi 20 kile ambacho jicho zima huona kwa futi 40. Daraja la tatu linataka kila jicho, likipimwa peke yake, lifikie 20/40 au zaidi kwa mbali, na 20/40 kwa karibu katika umbali wa inchi 16. Miwani inaruhusiwa. Pia uweze kutambua rangi zinazohitajika katika urukaji, na jicho lisiwe na ugonjwa unaoingilia kazi.

Soma tena hapo: miwani inaruhusiwa. Wako watu wanaokimbilia leza wakiamini ndiyo itakayowapa cheti, kumbe miwani ya bei nafuu ingewatosha. Kama sababu yako ni cheti peke yake, labda huhitaji kisu wala leza.

## Hatua ya 1: Mwambie daktari unarusha ndege, kabla hamjachagua upasuaji

Sentensi hiyo moja hubadilisha mazungumzo yote, hasa kwa upasuaji wa mtoto wa jicho, kwa sababu lenzi utakayowekewa ndiyo itakayoamua utakaa chini siku ngapi.

Lenzi ya masafa mamoja ndiyo rahisi zaidi kwa rubani. Huona vizuri mbali, na haina muda maalumu wa kuizoea uliowekwa na FAA. Lenzi ya masafa mengi, au ile inayojirekebisha, inadai miezi 3 ya kuzoea kabla ya kupewa cheti. Hugawanya mwanga, na usiku baadhi ya watu huona duara kuzunguka kila taa.

Halafu uko mtego ambao kliniki nyingi hawautaji. Lenzi ya masafa mamoja iliyowekwa kwa ajili ya mbali inakuachia miwani ya kusomea. Miwani hiyo imetengenezwa kwa umbali wa kitabu. Dashibodi ya ndege ndogo kama Cessna 172 haiko umbali wa kitabu. Iko karibu urefu wa mkono ulionyooshwa. Daraja la tatu halikupimi kwa umbali huo, lakini saa ya mwinuko iko huko huko. Kabla ya upasuaji, kaa kwenye ndege unayoirusha, pima kwa utepe kutoka machoni hadi kwenye dashibodi, mpelekee daktari namba hiyo. Atakushukuru, kwani wagonjwa wengi humwambia tu "nataka kuona vizuri".

Kingine ni mpango wa jicho moja kwa mbali na jingine kwa karibu. Kwa leza unaruhusiwa, lakini lile jicho la karibu lazima livalishwe miwani au lenzi ya kubandika kila unaporusha. Baada ya miezi 6 ya kuzoea unaweza kuomba hati iitwayo SODA, ambayo hutolewa ukifaulu jaribio la kuruka na mkaguzi. Hapo sharti hilo huondolewa. Kufanya hivyo hivyo kwa lenzi za kubandika peke yake, moja ya mbali na moja ya karibu, hakukubaliki. Maoni yangu: usijitafutie kazi hii. Unapoinua pua ya ndege futi chache juu ya lami, unahitaji macho mawili yanayokubaliana ardhi iko wapi.

Umefaulu hatua hii kama daktari ameandika kwenye faili lako kuwa wewe ni rubani, na unajua kwa jina aina ya upasuaji au lenzi.

## Hatua ya 2: Jisimamishe mwenyewe siku ile ile

Usingoje barua. Kanuni ya 61.53 ya FAA inamkataza rubani kuruka akijua ana hali ya kiafya inayomfanya asitimize masharti ya cheti chake. Cheti kinaweza kuwa na miaka minne mbele na bado ukawa huruhusiwi leo.

Si lazima uiarifu FAA asubuhi ya upasuaji. Wajibu wako siku hiyo ni kutokurusha. Waambie wenzako wa klabu wakutoe kwenye ratiba, maana kishawishi huja na anga safi ya Jumamosi.

## Hatua ya 3: Subiri kulingana na ulichofanyiwa

LASIK na PRK, aina mbili za leza ya macho. Hakuna idadi ya siku iliyowekwa. FAA inataka mtaalamu wa macho athibitishe kwamba uoni umetulia na hakuna madhara ya maana. Katika LASIK hukatwa kifuniko chembamba cha konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na kurudishwa, kwa hiyo uoni hurudi haraka. Ukavu wa macho ndio hukawia. Katika PRK ngozi ya juu ya konea huondolewa na kuota upya, na uoni huchukua wiki hata miezi kutulia. Mtu wa PRK asijilinganishe na rafiki yake wa LASIK.

Mtoto wa jicho. Lenzi ya masafa mamoja: hadi daktari aseme limepona na kipimo cha miwani kimetulia. Masafa mengi: miezi 3. Usiombe hata siku moja kabla.

Presha ya jicho. Njia yake ni nyingine, na ina fomu yake, namba 8500-14. Zungumza na daktari wa anga mapema, kwa kuwa mara nyingi uamuzi hupelekwa juu.

Mipasuo ya zamani ya konea, ile ya miale iliyokuwa maarufu kabla ya leza. Konea za namna hii huweza kubadilika umbo kwenye mwinuko mkubwa. Beck Weathers, daktari wa Texas aliyekuwa Everest mwaka 1996, alipoteza uoni mlimani kwa sababu hiyo. Wewe hufiki huko na ndege ndogo, lakini mwambie daktari wa anga.

### Onyo: gesi ndani ya jicho

Hapa naomba usome polepole. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ikiachia, daktari anaweza kujaza jicho gesi ili iishikilie retina mahali pake hadi ipone. Gesi ya aina moja hukaa kama wiki 2, nyingine wiki 6 hadi 8.

Ukipanda juu, hewa inayokuzunguka hupungua mgandamizo na gesi hutanuka. Jicho halitanuki. Presha ya ndani hupanda hadi damu ishindwe kufika kwenye retina, na jicho linaweza kupofuka ndani ya safari moja.

Usirushe na usipande ndege kama abiria. Tena si ndege tu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa basi unapanda zaidi ya mita 1,600, na hapo gesi inataka kutanuka karibu moja ya tano. Kutoka Houston kwenda Denver kwa gari ni hadithi hiyo hiyo. Kliniki hukufunga bangili mkononi yenye onyo hili. Usiivue hadi daktari aone kwa macho yake kwamba kiputo kimeisha. Bangili hiyo pia humwonya mtu wa dawa ya usingizi asikupe ile gesi ya nusukaputi ambayo ingeingia kwenye kiputo na kukivimbisha.

## Hatua ya 4: Jipime usiku, ukiwa ardhini

Ubao wa herufi kliniki ni mweusi juu ya mweupe, katika chumba chenye taa. Haukwambii lolote kuhusu kutua saa mbili usiku. Ndiyo maana FAA huuliza mambo ambayo ubao hauyaoni: kuumizwa na mwangaza, duara kuzunguka taa, na uoni hafifu gizani.

Nenda uwanjani jioni na daftari. Kaa gizani dakika 30 macho yazoee, kisha ukiwa nje ya uzio ambapo watu huruhusiwa kukaa, tazama haya:

1. Taa za PAPI kando ya njia ya kurukia, zile zinazomwonyesha rubani anayetua kama yuko juu au chini mno. Ni nne. Ukiwa ardhini upande wa kutulia, zote huonekana nyekundu. Je, unaziona nne, zilizoachana? Zikikuyeyukia na kuwa mkanda mmoja wa mwanga, bado hujapona kwa kazi hii.
2. Taa za ndege inayokuja kutua. Zikipita, inakuchukua muda gani kuona tena ukingo wa lami?
3. Ramani ya kutua, chini ya taa nyekundu hafifu. Soma namba ndogo kabisa.
4. Funga jicho moja, rudia yote. Kisha jingine. Jicho zuri hulificha baya.

Andika tarehe na ulichoona, rudia baada ya wiki mbili. Kurasa mbili zinazofanana ndizo maana halisi ya neno "kutulia". Asubuhi na jioni pia zilinganishe, hasa ukiwa na macho makavu.

Umefaulu kama majaribio mawili mfululizo hayana tofauti na hakuna duara linalokusumbua. Ukiona tofauti, mpelekee daktari daftari. Usimwambie "niko sawa" kwa sababu umechoka kukaa chini.

## Hatua ya 5: Jaza fomu 8500-7, na ijazwe kwa wakati

Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni hili: fomu imejazwa siku ya pili baada ya upasuaji, wakati mgonjwa yuko kliniki hata hivyo. Inaonekana ni akili, unapunguza safari. Lakini daktari hawezi kuandika mnamo siku ya pili kwamba uponaji umekamilika, na akiandika, msomaji wa Oklahoma ataona tarehe mbili zikikaribiana na kuuliza maswali.

Nenda nayo siku daktari anapokuruhusu kutoka kwenye uangalizi. Mtaalamu wa macho ndiye anayeijaza. Kabla hujaondoka dirishani, hakikisha mambo haya yameandikwa wazi:

- uponaji umekamilika;
- uoni umetulia, pamoja na vipimo vya kila jicho, mbali na karibu, bila miwani na kwa miwani;
- hakuna kuumizwa na mwangaza, duara za taa, wala shida ya kuona usiku;
- hakuna ugonjwa mwingine wa jicho;
- presha ya jicho imepimwa. Matone ya steroidi baada ya PRK huweza kuipandisha bila wewe kuhisi chochote.

Kisanduku kilichoachwa wazi husomeka kama swali. Mwombe aandike "hakuna" badala ya kuruka. Mhudumu akikunja uso, tabasamu na usubiri.

Kama upasuaji ni wa zaidi ya miaka 2 iliyopita, unafikia kipimo, na huna madhara yoyote, daktari wa anga anaweza kukupa cheti bila mzigo wote huu. Mpigie kwanza umuulize.

Umefaulu kama mtu asiyekujua akisoma fomu hiyo hana swali la kuuliza. Piga nakala tatu.

## Hatua ya 6: Peleka taarifa, au omba cheti kipya

Hapa una njia mbili, kutegemea cheti chako.

Cheti kikiwa bado hai, na daktari wa macho ameshakuruhusu, taarifa unaweza kuituma moja kwa moja kwa kitengo cha vyeti vya afya cha FAA, Oklahoma City, au ukamkabidhi daktari wa anga kwenye kipimo kinachofuata.

Cheti kikiwa kimeisha au kinakaribia, jaza ombi kwenye MedXPress. Kumbuka muda wake: chini ya miaka 40 siku ya kipimo, cheti ni cha miezi 60, kuanzia 40, miezi 24. Sehemu tatu za kuwa makini:

Kipengele cha 17 kinauliza dawa. Matone ya macho ni dawa. Kipengele cha 18 kinauliza kama umewahi kuwa na tatizo la macho zaidi ya miwani. Jibu ni ndiyo, na uandike tarehe na aina ya upasuaji. Kipengele cha 19 kinataka waganga uliowaona miaka 3 iliyopita. Kipimo cha kawaida cha macho kinaweza kuachwa. Upasuaji si kipimo cha kawaida.

Watu huogopa kuweka ndiyo. Wanasema, "Sasa naona vizuri, tatizo liko wapi?" Upasuaji uliopona vizuri na kuelezwa vizuri hauna shida. Kuuficha ndiko kunakoangamiza: fomu yenyewe inaonya juu ya faini hadi dola 250,000 na kifungo hadi miaka 5. Miaka ijayo utataja kwamba ulishatoa taarifa na hakuna kilichobadilika, basi.

Ombi lisilofikishwa kwa daktari wa anga hufutika baada ya siku 60. Weka miadi kwanza, kisha jaza.

Siku ya kipimo, mkabidhi daktari wa anga fomu 8500-7 kabla hajauliza. Ana uwezo wa kutoa cheti, kuahirisha, au kunyima. Nyingi ya ahirisho za macho ninazozijua zilitokea kwa sababu karatasi ilisahaulika nyumbani. Ukihisi hataweza kukupa, zungumza naye kwa simu kama ushauri kabla ya kipimo rasmi, kwa sababu kipimo kikianza lazima matokeo yapelekwe.

Na kama jicho moja limegoma kabisa, likabaki 20/200 au chini zaidi hata kwa miwani? Utahesabiwa kama mwenye jicho moja. Safari haijaisha: kuna miezi 6 ya kuzoea, kisha SODA na jaribio la kuruka. Wako marubani wengi wa jicho moja wanaorusha vizuri.

## Hatua ya 7: Ondoa sharti la miwani kwenye karatasi

Cheti kikisema lazima uvae miwani, basi lazima uvae miwani. Haijalishi kwamba sasa unaona bila hiyo. Matokeo yake ni kichekesho: rubani anavaa miwani ya zamani inayomvurugia uoni ili tu atii cheti. Usifanye hivyo. Kaa chini hadi upate cheti kipya kisicho na sharti hilo, kwa taarifa uliyotuma au kwa kipimo kipya.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu wa lenzi ya mtoto wa jicho aliyekuwa hana sharti lolote sasa anahitaji miwani ya karibu. Aikubali na aivae.

## Hatua ya 8: Safari ya kwanza

Ruka mchana, na mwalimu wa urubani, bila abiria. Tua mara tano au sita. Macho mapya hupima umbali kwa namna tofauti, na wengi hujikuta wakiinua pua mapema au wakichelewa.

Ukiridhika, rudi usiku, bado na mwalimu. Kubeba abiria usiku kunadai uwe umeruka na kutua hadi kusimama kabisa mara 3 usiku ndani ya siku 90, na baada ya kukaa chini muda huu wote huenda umezipoteza. Shemeji angoje.

Miwani ya jua unaihitaji kuliko zamani, hasa baada ya PRK. Epuka ile ya polaroidi: huzima skrini za dashibodi za kisasa ukigeuza kichwa.

## Kama unatumia BasicMed

BasicMed ni utaratibu wa kurusha bila cheti cha afya cha FAA. Ilianza Mei 1, 2017 kwa marubani waliowahi kuwa na cheti cha afya baada ya Julai 14, 2006. Unapimwa na daktari yeyote mwenye leseni ya jimbo kila miezi 48 na kufanya kozi ya mtandaoni kila miezi 24. Upasuaji wa macho haukuondoi humo. Kanuni ya 61.53 bado inakubana, kwa hiyo hatua ya 2 hadi ya 4 ni zako pia.

Jambo wanalosahau: BasicMed inafuata leseni yako ya udereva pamoja na masharti yake. Leseni ikisema uvae miwani, unavaa na angani pia. Nenda ofisi ya leseni ukapimwe upya.

## Wenye leseni za Kenya na Tanzania

KCAA na TCAA, mamlaka za usafiri wa anga za Kenya na Tanzania, hutumia cheti cha daraja la 2 kwa rubani binafsi, kwa msingi wa Kiambatisho cha 1 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Kipimo ni 6/12 kwa kila jicho na 6/9 kwa macho yote mawili, kwa miwani au bila. 6/12 ni ile ile 20/40 iliyopimwa kwa mita. Aliyefanyiwa upasuaji unaobadilisha uoni hahesabiki kuwa mzima hadi awe hana madhara yanayoweza kuingilia usalama. Anayerusha kwa miwani lazima awe na ya akiba karibu naye, wakaguzi huiuliza.

Fomu ya FAA haikupi cheti Nairobi wala Dar es Salaam, lakini maelezo yaliyomo ndiyo hayo hayo daktari wa anga wa kwenu atakayoyataka. Beba nakala.

Na kama unarusha Marekani kwa leseni ya FAA iliyotolewa juu ya ile ya Kenya au Tanzania, unaruhusiwa kutumia cheti cha afya cha FAA au cha nchi iliyokupa leseni. Amua utatumia kipi, kisha hakikisha masharti ya miwani kwenye hicho yanalingana na macho uliyonayo leo, si yale uliyoondoka nayo nyumbani.